Hita isiyotoa joto ni dalili ya hasara njiani

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti huwa ya baridi kali katika Nyanda za Juu Kusini. Huko Njombe na Makete si ajabu mkulima kuamka asubuhi na kukuta umande umeganda juu ya majani, huku magunia ya viazi mviringo yaliyofungwa jana yakisubiri gari kando ya barabara.

Magari yanayofuata mzigo huo mengi ni ya zamani. Ni pikapu, Canter na malori makubwa kidogo yaliyotumika kwanza Japani, yakaingia nchini yakiwa mtumba, na tangu hapo yamepita kwa wamiliki kadhaa na mafundi wengi zaidi.

Dereva huondoka alfajiri, kioo cha mbele kikiwa kimejaa ukungu kwa ndani. Anawasha hita. Feni inalia, lakini kinachotoka ni upepo wa baridi. Anafungua dirisha, anafuta kioo kwa kitambaa, kisha anaendelea na safari huku akiitazama njia kupitia tundu lenye ukubwa wa sahani.

Kwa wamiliki wengi hiyo ni kero ya dereva tu. Dereva anaambiwa avae koti zito, na gari linaendelea kufanya kazi. Hata hivyo, kwa mwenye gari na kwa mwenye mzigo, hita isiyotoa joto ni taarifa inayohusu fedha zao.

Hita hupata joto lake kutoka katika maji yaleyale yanayopoza injini. Ikikosa joto, mara nyingi kuna jambo katika mfumo huo limeanza kuharibika. Huenda maji yamepungua, themostati haipo, rejeta inaziba, pampu imechoka au gasketi imeanza kuvuja. Ni mambo hayohayo ambayo baadaye hulifanya gari lichemshe katikati ya safari, likiwa na mzigo wa watu.

Kwa maneno mengine, hita ni geji ya pili ya injini, na mwenye gari anayo tayari bila kuongeza hata shilingi.

Joto linatoka wapi

Injini inapochoma dizeli au petroli, sehemu tu ya nguvu inayopatikana ndiyo inayozungusha magurudumu. Sehemu kubwa hugeuka joto, ambalo hutoka kupitia ekzosi na kupitia maji yanayozunguka ndani ya injini.

Maji hayo husukumwa na pampu. Injini ikiwa bado ya baridi, themostati hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta kubwa, ili maji yazunguke ndani ya injini tu na kupata moto haraka. Yakifikia kiwango kilichopangwa, ambacho kwa magari mengi huwa kati ya nyuzi 76 na 90 za Sentigredi, themostati hufunguka na kuyaruhusu yaende kupozwa.

Sehemu ya maji hayo ya moto hupita kwenye mpira mmoja hadi kwenye rejeta ndogo iliyo ndani ya dashibodi, kisha hurudi kwenye injini kupitia mpira wa pili. Feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo ndogo, na hewa hiyo ndiyo inayofika miguuni kwa dereva na kwenye kioo cha mbele.

Kwa hiyo, ili hita itoe joto, mambo manne lazima yawepo kwa pamoja. Maji yawe ya kutosha, yawe ya moto, yafike kwenye rejeta ndogo, na hewa ipite ndani yake. Likikosekana moja, dereva anapata baridi.

Kutafuta tatizo ni kujiuliza maswali hayo manne kwa mpangilio huo. Faida ya mpangilio huo ni kwamba unaanza na ukaguzi usio na gharama yoyote, na vipuri vinanunuliwa baada ya sababu kujulikana. Wamiliki wengi hufanya kinyume. Hununua pampu kwanza, na wiki mbili baadaye hugundua kwamba rejeta ilikuwa na upungufu wa lita mbili za maji.

Swali la kwanza: Maji yapo?

Ukaguzi huu hufanywa asubuhi, kabla injini haijawashwa. Mfuniko wa rejeta hufunguliwa na kuangaliwa kama maji yamefika shingoni. Mfuniko usifunguliwe kabisa injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji na mvuke vinaweza kuruka na kumuunguza mtu usoni.

Kosa la kawaida ni kuangalia kopo la akiba pekee. Mfuniko ukiwa mbovu, kopo linaweza kuwa limejaa huku rejeta yenyewe ikiwa na upungufu, kwa kuwa maji yaliyotoka injini ilipopata moto hayarudi inapopoa.

Maji yakipungua, hita huwa ya kwanza kulalamika. Katika magari mengi rejeta ndogo ya hita ipo juu kuliko sehemu nyingine nyingi za mfumo, hivyo hewa hukusanyika huko. Geji inaweza kuendelea kuonyesha hali ya kawaida kwa siku kadhaa, wakati hita tayari inapuliza baridi.

Baada ya kujaza maji, hewa iliyonaswa inapaswa kutolewa. Gari husimamishwa mahali palipoinuka kwa upande wa rejeta, hita hufunguliwa hadi kiwango cha juu cha joto, kisha injini huwashwa ikiwa bado ya baridi, mfuniko ukiwa wazi. Maji huongezwa taratibu kadiri mapovu yanavyotoka, na mfuniko hufungwa kabla maji hayajaanza kupanda na kumwagika.

Kisha gari liangaliwe kila asubuhi kwa wiki moja. Maji yasipopungua tena, tatizo limekwisha bila gharama. Yakipungua, yanakwenda mahali fulani, na mahali hapo panapaswa kutafutwa.

Sehemu za kukagua ni maungio ya mipira, chini ya pampu, pembeni mwa rejeta na zulia la upande wa abiria. Zulia likiwa na unyevu, au kioo kikipata ukungu wenye mafuta na harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja ndani ya gari.

Maji yakipungua bila kuonekana yanapovujia, hali ni nzito zaidi. Dalili za gasketi kuungua ni mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na oili yenye rangi kama chai ya maziwa. Gari lenye dalili hizo halifai kupakia mzigo hadi fundi alifungue.

Mfuniko nao usidharauliwe. Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji ya kawaida huchemka kwa takriban nyuzi 93, badala ya 100 kama ilivyo Dar es Salaam. Mfuniko mzima wenye nguvu ya 0.9, namba ambayo huandikwa juu yake, hubana maji na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Mpira wake ukichakaa, gari la Njombe hubaki na nyuzi chache sana kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemsha.

Swali la pili: Maji yanapata moto?

Kama maji yapo ya kutosha, hatua inayofuata ni kuitazama geji. Ikiwa gari limetembea dakika 15 na mshale bado upo chini, injini haipati joto lake. Sababu kubwa ni themostati iliyokwama ikiwa wazi, au themostati ambayo haipo kabisa.

Hili la pili ni la kawaida mno katika magari ya hapa nchini. Gari likichemsha mara moja, ushauri unaotolewa katika gereji nyingi ni kuondoa themostati, kwa maelezo kwamba hiyo ni ya nchi za baridi. Inatolewa na kutupwa, na mnunuzi anayefuata wa gari hilo haambiwi.

Maelezo hayo yana kasoro mbili. Kwanza, themostati haiongezi joto katika injini. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto ambalo watengenezaji waliipangia, iwe Njombe au Dar es Salaam.

Pili, injini nyingi zina njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupitia kwenye rejeta, na themostati inapofunguka huziba njia hiyo. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto haiendi kupozwa. Mwenye gari aliyeondoa themostati ili lisichemshe anaweza kulikuta likichemsha zaidi mlimani.

Ukaguzi wake hauhitaji kifaa. Injini ikiwashwa ikiwa ya baridi, mpira wa juu wa rejeta unapaswa kubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto kwa ghafla themostati inapofunguka. Mpira ukianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo na kuendelea polepole, themostati ipo wazi au haipo. Anayeshika mpira ajihadhari na feni na mkanda wake.

Themostati iliyotolewa inaweza kupimwa jikoni. Hutumbukizwa katika sufuria ya maji ikiwa imening'inizwa kwa uzi, na maji huchemshwa taratibu. Kiwango cha kufunguka huwa kimechapwa juu yake, kwa mfano 82. Inapaswa kuwa imefungwa maji yakiwa ya baridi na kuanza kufunguka yakikaribia kiwango hicho.

Mpimaji aliye Njombe akumbuke kwamba maji ya sufuria yake hayatavuka nyuzi 93, wakati themostati nyingi hufunguka zote zikivuka nyuzi kama 10 au zaidi juu ya namba iliyochapwa. Ikifunguka nusu tu kwenye sufuria, isitupwe kwa sababu hiyo.

Wapo madereva wanaotatua baridi kwa kuweka kipande cha boksi mbele ya rejeta. Njia hiyo husaidia asubuhi, lakini boksi likisahaulika wakati gari linaingia kwenye joto la Ruaha Mbuyuni au Mikumi, injini huchemka. Boksi halichukui nafasi ya themostati, kwa sababu halifunguki lenyewe.

Swali la tatu: Maji yanafika kwenye hita?

Geji ikiwa katikati na hita bado ya baridi, uchunguzi unahamia kwenye mipira miwili inayoingia kebini. Injini ikiwa ya moto na hita imefunguliwa yote, mipira hiyo huguswa kwa uangalifu.

Mipira yote miwili ikiwa ya moto, maji yanafika na kurudi. Tatizo lipo upande wa hewa, ambao ni swali la nne.

Mmoja ukiwa wa moto na wa pili wa baridi, maji yanaingia bila kutoka. Ama koki ya hita haifunguki, au rejeta ndogo imeziba. Magari yaliyokaa miaka mingi katika joto la Pwani huwa na koki iliyokwama, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuigusa. Kwanza iangaliwe kama waya unaoivuta umechomoka.

Yote miwili ikiwa ya baridi, maji hayafiki. Hewa imenasa, au pampu haisukumi vya kutosha. Dalili ya pampu kuchoka, au ya maji kupungua, ni hita kutoa joto dereva anapokanyaga mafuta na kupoa gari likisimama likiwa linaunguruma. Mkanda wa pampu pia ukaguliwe, kwa sababu ukilegea huteleza.

Kuna wakati mipira hiyo haipo kabisa mahali pake. Rejeta ndogo inapovuja, mafundi huikata na kuunganisha mpira mmoja na mwingine nje ya kebini. Kama dharura ya kufika nyumbani, njia hiyo inakubalika. Hata hivyo, gari lililoachwa hivyo halina hita wala njia ya kuondoa ukungu kwenye kioo, na linapouzwa hali hiyo inapaswa kuwa sehemu ya mazungumzo ya bei.

Rejeta ndogo iliyoziba inaweza kuoshwa. Mipira yote miwili huchomolewa injini ikiwa ya baridi, na maji safi hupitishwa kwa bomba la kawaida kinyume na njia yake, kupitia upande wa kutokea. Hutoka matope yenye kutu, na zoezi hurudiwa hadi maji yatoke meupe. Mashine ya kuoshea magari isitumike hapo, kwani mirija ya rejeta hiyo ni myembamba na hupasuka.

Swali la nne: Hewa inapita?

Hapa gharama huwa ndogo, lakini ndipo wengi hawaangalii. Feni ya hita ikifanya kazi katika kasi ya mwisho tu na kukataa kasi za chini, kifaa kidogo cha kupunguza umeme wa feni kimeungua. Isipozunguka kabisa, fyuzi iangaliwe kwanza.

Feni ikilia kwa nguvu huku upepo ukiwa hafifu, njia ya hewa imeziba. Gari linalobeba mazao na kupita barabara za vumbi hujaza majani, makapi na vumbi katika tundu la kuingizia hewa. Panya nao hupenda kujenga humo, hasa gari likilala karibu na ghala.

Upepo ukiwa mwingi lakini hauna joto, na mipira yote miwili ni ya moto, mlango mdogo ndani ya dashibodi unaochagua hewa ya moto au ya baridi haufunguki. Mara nyingi ni waya uliochomoka kwenye swichi ya kusukuma, kazi ya dakika chache kwa fundi anayejua pa kutazama.

Kwa ajili ya ukungu wa kioo, swichi ya hewa iwekwe upande wa kuingiza hewa ya nje. Ikiwekwa upande wa kuzungusha hewa ya ndani, pumzi za dereva, utingo na abiria hurudi kwenye kioo na ukungu huongezeka hata kama hita ni nzima.

Hesabu ya mwenye gari

Tuchukulie lori linalotumia lita 20 za dizeli kwa kila kilomita 100, likipeleka viazi Dar es Salaam na kurudi, safari ya kilomita kama 1,400. Litatumia lita 280.

Injini inayofanya kazi ikiwa ya baridi hutumia mafuta zaidi. Ongezeko likiwa asilimia 5 tu, ni lita 14 kwa safari moja. Kwa safari nne kwa mwezi ni lita 56. Kila mwenye gari azidishe lita hizo kwa bei iliyopo kwenye kituo chake, kisha alinganishe na bei ya themostati moja dukani.

Hasara haiishii kwenye mafuta. Katika injini ya baridi, mafuta yasiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili yenyewe. Oili huchafuka mapema, na ringi za pistoni huisha kabla ya wakati wake.

Hasara kubwa zaidi ni ile ya gari kusimama. Lori likiharibika likiwa na magunia 60 ya viazi, mwenye gari atalipa fundi wa kumfuata njiani, vipuri kwa bei ya hapohapo, posho za ziada za dereva na utingo, na pengine gari la pili la kufaulisha mzigo.

Kwa mfanyabiashara, siku mbili chini ya turubai zinatosha kwa baadhi ya viazi kuanza kuoza, na soko huenda limepokea mzigo wa wengine kabla wake haujafika. Mkulima aliyekubali kulipwa baada ya mauzo huambiwa kwamba bei imeanguka. Hivyo gharama ya maji yaliyopungua kwenye rejeta humfikia hata mtu ambaye hajawahi kumiliki gari.

Mfanyabiashara anayekodi lori ana haki ya kuuliza kabla ya kupakia. Kuomba hita iwashwe kwa dakika chache injini ikiwa ya moto si ujuaji. Ikitoa joto la kutosha, ni dalili njema kuhusu maji na mzunguko wake. Ikitoa baridi, ni vyema apate maelezo kwanza.

Rejeta ya pili mlimani

Wapo watakaosema kwamba magari yao hufanya kazi zaidi Morogoro na Pwani, ambako hakuna anayehitaji hita. Nao wana sababu ya kuitunza.

Gari likianza kuchemsha, kwa mfano wakati wa kupanda Mlima Kitonga likirudi na bidhaa za dukani, dereva anaweza kufungua hita yote pamoja na feni yake na kushusha vioo. Rejeta ndogo huchukua sehemu ya joto la injini na kulitoa ndani ya kebini. Dereva atatoka jasho, lakini mshale unaweza kurudi chini kiasi cha kumfikisha mahali salama pa kuegesha.

Hita iliyokatwa mipira au kuziba haiwezi kutoa msaada huo. Aidha, mshale ukiendelea kupanda, dereva asimame na kuzima injini. Kulazimisha kufika kileleni ndiko kunakopindisha silinda hedi, na kuisawazisha kwa mashine ni gharama ya namna nyingine kabisa.

Maji gani yatumike

Rejeta nyingi huziba kwa sababu ya maji ya mtoni na ya kisima yanayoongezwa kila siku. Maji hayo yana chumvichumvi na tope, ambavyo hukaa ndani ya mirija myembamba, na ya rejeta ndogo ndiyo huziba mapema.

Kinachofaa ni kulanti iliyochanganywa na maji safi kwa kiwango kilichoandikwa kwenye galoni, ambacho mara nyingi ni nusu kwa nusu. Pamoja na kuzuia kuganda, kulanti hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Nguvu yake dhidi ya kutu hupungua kadiri muda unavyopita, hivyo hubadilishwa kwa muda ulioelekezwa. Mahali ambapo haipatikani, maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko ya mtoni.

Wafugaji wachukue tahadhari moja. Kulanti nyingi zina ladha tamu na ni sumu. Mbwa, kuku au ndama anayekunywa iliyoachwa kwenye beseni anaweza kufa, na mtoto vilevile. Isimwagwe uani wala kwenye mfereji wa umwagiliaji.

Jiko la mkaa lisipande garini

Baridi ikizidi, wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya kebini wakati wa kusubiri mzigo usiku. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wawili waliolala humo vioo vikiwa vimefungwa wanaweza wasiamke. Kulala huku injini ikiunguruma nako kuna hatari hiyohiyo ikiwa ekzosi inavuja. Blanketi ni salama zaidi.

Tiba ya kudumu ni kuitengeneza hita kabla ya msimu. Mwezi Mei, kabla baridi haijaanza na kabla magari hayajabanwa na kazi, ni wakati mzuri wa kuangalia maji, mfuniko, themostati, mipira na feni. Mengi ya hayo hufanyika kwa asubuhi moja, na sehemu kubwa haihitaji fedha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari la zamani ufa mara nyingi huanzia kwenye rejeta. Mwenye gari atakayeanza na kufungua mfuniko asubuhi, injini ikiwa ya baridi, atajua mapema kama anahitaji themostati, au kama ni wakati wa kumwambia mteja wake kwamba wiki hii gari halitapakia.